Mzee wa Padi Anajibu: Tony Hawk 3 + 4, Saa ya Dakika Mbili na Maswali Mengine

Maswali ya safari hii karibu yote yanaihusu Tony Hawk's Pro Skater 3 + 4, gemu ya kuteleza kwa ubao inayofufua toleo la tatu na la nne kama ile 1 + 2 ilivyofufua mawili ya kwanza, kwa hiyo nayajibu kwa mpigo. Walioandika kuhusu mpira wa miguu wasubiri zamu yao. Walioomba linki za wizi wasisubiri.

Shikamoo Mzee wa Padi. Nina 1 + 2 kwenye PS4 na nimeshaimaliza. Hii 3 + 4 ni gemu mpya kweli au wametubadilishia kava tu? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Kava limebadilika na mafundi wamebadilika pia. Ile 1 + 2 ya mwaka 2020 ilitengenezwa na Vicarious Visions. Mwaka uliofuata Activision, kampuni yenye gemu hizi, ikaihamishia studio hiyo kwa ndugu zao wa Blizzard, na Tony Hawk mwenyewe, mteleza ubao mwenye jina lake kwenye kava, alieleza mwaka 2022 kwamba mpango wa 3 + 4 ulikwama hapohapo. Baadaye kazi ikapewa studio ya Iron Galaxy, na gemu ikatoka Julai 2025. Nakwambia haya kwa sababu mafundi wakibadilika, kitu cha kwanza kuharibika huwa ni mkono: unabonyeza, jamaa anachelewa. Hapa mkono haukuharibika. Ukitoka 1 + 2 ukaingia hii, vidole havitagundua chochote, na kwa gemu ya aina hii sifa kubwa kuliko hiyo haipo.

Lakini ujue unachonunua. Toleo la pili la mwaka 2000 lilituletea manyuali, ule mwendo wa magurudumu mawili unaounganisha bomba moja la kuteleza juu yake na lingine. La tatu, mwaka 2001, likaleta riveti. Kabla ya hapo, ukishatua kwenye rampu hesabu ya pointi inafungwa, utake usitake. Baada ya riveti unatua, unageuza ubao, unaingia manyuali, unaendelea. Kibonyezo kimoja kikafuta mpaka wa kombo, yaani mnyororo wa mbinu zinazohesabiwa pamoja. Huo ndio mwendelezo wa kweli: kitu kidogo kinachobadilisha namna unavyoutazama uwanja mzima.

Wewe uliyemaliza 1 + 2, riveti unayo tayari, kwa kuwa Vicarious Visions waliirudisha nyuma hadi kwenye viwanja vya toleo la kwanza. Unachopata safari hii ni viwanja, si mbinu. Foundry, Tokyo na Airport ni viwanja vizuri mno, na kwa sehemu ya 3 peke yake sikulaumu ukitoa pesa. Sehemu ya 4 ina kesi yake, soma swali la tatu.

Mzee, grafiki za PS4 na PS5 zinatofautiana sana? – Msomaji, Dodoma

PS5 inapendeza zaidi, kama kila gemu mliyoniuliza tangu PS5 itoke. Swali la kuuliza hapa ni kama ukibonyeza pembetatu jamaa analishika bomba papo hapo. Analishika.

Kaka, nilicheza Tony Hawk 4 kwenye PS2 enzi hizo nikiwa shule. Hii mpya mbona inanikimbiza? Sikumbuki kulikuwa na dakika mbili. – Msomaji, Tanga

Hukumbuki kwa sababu hazikuwepo, na wewe ndiye uliyeuliza swali nililokuwa nalingoja.

Mwaka 2002 Neversoft, mafundi wa gemu za mwanzo, walifanya jambo la ujasiri. Gemu tatu walikuwa wametajirika kwa saa ya dakika mbili, ikiisha mchezo unakatwa, na kwenye ya nne wakaiondoa. Uliachiwa uwanja, ukatembea upendavyo, ukamkuta mtu amesimama pembeni, ukaongea naye, akakupa kazi. Saa ilianza kuhesabu pale tu ulipokubali kazi yenyewe. Viwanja vyenyewe vilichorwa kwa ajili ya mwendo huo: vipana, vina vichochoro, vina pembe ambazo huna haraka ya kuzifikia. Wengi wetu tulijifunza kuusoma uwanja pale, kwa kuzurura.

Iron Galaxy wameichukua hiyo ya nne wakaitia kwenye kinu cha ile ya tatu. Orodha ya malengo, herufi za S-K-A-T-E za kuokota, kanda iliyofichwa, dakika mbili, kengele. Watu wenye kazi za kukupa wameondoka, na kazi zao nyingi zimeondoka nao. Viwanja viitwavyo Kona na Zoo vimegeuzwa vya mashindano. Carnival na Chicago havimo kabisa. Studio yenyewe makao yake makuu ni Chicago, na uwanja walioutupa ni Chicago! Badala yake wameweka vitatu vipya: Waterpark, Movie Studio na Pinball. Waterpark naukubali bila kinyongo, ni uwanja uliotengenezwa na mtu anayejua rampu. Ila kiraka kizuri hakifuti ukweli kwamba nguo imekatwa.

Wapo watakaokujibu kwamba muda unaweza kuurefusha kwenye mipangilio. Ni kweli, na nakushauri ufanye hivyo leo. Lakini kurefusha saa si sawa na kuiondoa, maana malengo yenyewe yamepangwa kama ya kukimbizana. Utapata nafasi ya kuzurura kwenye uwanja usio na wa kukusalimia. Nimesoma hoja kwamba wamefanya hivi ili gemu mbili ziwe na mtindo mmoja. Sasa kama mtindo ni mmoja, ile ya nne imebaki na nini cha kuitwa ya nne? Jina la kwenye kava?

Na Tony Hawk mwenyewe, ile mizunguko miwili na nusu hewani inayoitwa 900, aliyoifanya kwenye mashindano ya X Games, San Francisco, mwaka 1999, muda wa shindano ulikuwa umeshakwisha. Walimwachia aendelee kujaribu mpaka akatua. Kwenye gemu inayobeba jina lake wangempigia kengele.

Mzee wa Padi nimeokota dili Kariakoo, CD ya Tony Hawk's Pro Skater 5 ya PS4, bei ya kutupa. Si ndiyo ya juu kuliko 3 + 4? – Msomaji, Dar es Salaam

Namba ni ya juu. Gemu iko chini kuliko zote, na bei ya kutupa ni kwa sababu mwenye nayo aliona afadhali akuuzie wewe kuliko kuitupa mwenyewe.

Ilitoka mwishoni mwa Septemba 2015, kazi ya studio ya Robomodo. Miezi michache kabla ya kutoka wakabadilisha mwonekano mzima wa wachezaji ukawa kama wa katuni, na hapo tu mtu mzima alipaswa kushtuka. Siku ya kwanza ya mauzo, sasisho la kupakua lilikuwa kubwa kuliko kilichokuwa kwenye diski. Bila sasisho hilo, diski ilikupa somo la mwanzo na sehemu ya kujijengea uwanja, basi. Sasa wewe wa Kariakoo utaiweka kwenye PS4, itadai intaneti, utaunguza bando, na ukimaliza kuunguza bando utakutana na lile la kitufe.

Kitufe kile cha pembetatu cha kushikia bomba, Robomodo walikipa kazi ya pili: kumshusha jamaa chini kwa kishindo akiwa hewani. Kwa hiyo ukikibonyeza mapema kidogo, kama ambavyo kila mtu aliyecheza tangu 1999 amezoea kukibonyeza, badala ya kulishika bomba anaanguka wima kama gunia. Mazoea ya miaka kumi na sita yakawa kosa. Ukitaka kumfundisha mtu jinsi ya kukagua mwendelezo, mpe gemu hii kwa nusu saa. Kama muuzaji anarudisha pesa, rudisha.

Na ninyi wengine: acheni kununua diski yoyote ya mtumba kabla ya kuuliza kama inacheza bila intaneti. Mwambie muuzaji aiweke mbele yako, waya wa intaneti umetolewa. Akikataa, umepata jibu.

Naomba linki ya kushusha 3 + 4 bure. – Wasomaji, sehemu mbalimbali

Hapana. Na mara iliyopita pia ilikuwa hapana.

Kaka, skate. ya EA ni ya bure na inafanana. Kwa nini nilipie Tony Hawk? – Msomaji, Mombasa

Haifanani, ndugu yangu. Zote zina ubao na magurudumu, na ufanano unaishia hapo. Tony Hawk ni gemu ya vitufe na pointi. Ukoo wa Skate, tangu wa kwanza mwaka 2007, unaendeshwa kwa kijiti cha kulia: unakivuta chini, unakisukuma juu, ubao unaruka jinsi ulivyokisukuma. Mruko mmoja kwenye ngazi unaweza kukumalizia jioni nzima, na ukiupata unajisikia umefanya jambo.

Hii ya sasa ilifunguliwa Septemba 2025 ikiwa bado inajengwa, na "bure" yake ina masharti. Bila intaneti hufungui hata mlango. Duka la mavazi limo ndani, na sarafu yake inanunuliwa kwa pesa halisi. Siku wenyewe wakizima seva zao, huna kitu mkononi. Mtu wa bando la kupimia asijidanganye kwamba hailipii.

Ukiutaka mtindo huo bila usumbufu, tafuta Skate 3 ya mwaka 2010. Inacheza kwenye PS3, na diski ya Xbox 360 inakubali kwenye Xbox One yenye kiendeshi cha diski. Kwenye Xbox One itadai intaneti mara ya kwanza kupakua gemu, baada ya hapo unacheza peke yako, mtandao ukiwepo au usiwepo.

Mbona nyimbo za zamani hazimo? – Msomaji, Arusha

Nyingi zimeondolewa, chache zimebaki, na "Ace of Spades" ya Motörhead imo. Mpya ni nzuri. Lakini mtu anayenunua kumbukumbu alikuwa na haki ya kuambiwa mapema kwamba kumbukumbu imebadilishwa, naye aliambiwa kwa sauti ndogo.

Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka tisa, anaitaka hii gemu kwa sababu anasema itamfundisha kuteleza kwa ubao. Ni kweli? – Mama, Zanzibar

Waaleikum salaam, dada yangu. Si kweli, na mwanao analijua hilo. Kwenye gemu hii mtu anateleza juu ya waya wa simu, anaanguka kutoka ghorofani, anajifuta vumbi. Gemu yenyewe si mbaya kwa mtoto. Baadhi ya nyimbo zina maneno mazito, kwa hiyo punguza sauti ya muziki kwenye mipangilio. Kama ni kujifunza kweli, mnunulie ubao, kofia ngumu na vikinga magoti. Vijana wa Kitintale, Kampala, walijijengea rampu yao ya saruji, na padi haikuhusika.

Niongeze pesa nichukue Deluxe? – Msomaji, Mwanza

Dola 20 zaidi ya toleo la kawaida, upate Doom Slayer, yule shujaa wa gemu za Doom, juu ya ubao na vikorokoro vingine. Usiongeze. Na kama akaunti yako umeifungua ya Marekani, kadi ya kujazia pesa iwe ya Marekani. Kila wiki kuna mtu analia hapa na kadi ya Uingereza mkononi.

Mzee, unaipa ngapi kwa kumi? – Wasomaji wengi

Sitoi namba. Ile 5 nayo ina namba.

Mzee wangu, PS2 ya marehemu kaka bado inawaka na CD ya Tony Hawk 4 ipo. Nikiwa nayo, hii mpya ina maana? – Msomaji, Bujumbura

Pole kwa msiba, mdogo wangu. Ina maana, ila kwa ile nusu ya 3. Nusu ya 4 unayo nzima hapo nyumbani, pamoja na Carnival na Chicago. Futa lenzi ya PS2 taratibu kwa pamba kavu, na memori kadi usiiguse kabla hujafungua kuona kama mchezo aliouhifadhi kaka upo. Kisha anza na College. Uwanja uko wazi na kengele haipo, kwa hiyo mtafute mtu wa kwanza aliyesimama, msogelee, umsikilize ana kazi gani.