Mota iliyokwisha kuungua ndani

Mwanangu,

Juzi uliniuliza kama uichukue ile kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i9-13900K, maana muuzaji ameshusha bei na anadai ugonjwa wa prosesa hizo ulishatibiwa kwa apdeti. Sikukujibu kwenye simu kwa sababu nilitaka nisome kwanza. Nimesoma. Usiichukue.

Unaikumbuka ile mota ya mashine ya kusaga uliyonishikia tochi nikiifungua, ukiwa darasa la sita? Mwenye mashine alikuwa ameshafunga stabilaiza, umeme umetulia, akawa anashangaa mbona mota bado inanguruma na kuangusha swichi. Nikakuonyesha nyaya: shaba imekuwa nyeusi kama kahawa iliyoungua, vanishi inamenyeka kwa ukucha. Stabilaiza ilizuia umeme mkali usiingie tena, lakini vanishi iliyoungua haikurudi. Ikabidi niisuke upya. Prosesa haisukwi, mwanangu.

Na hizi shida yao ni hiyohiyo. Intel wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, zile zenye nguvu, zilikuwa zinaomba volti kubwa kuliko inavyofaa, na sakiti fulani ndani yake ikazeeka kabla ya wakati. Agosti 2024 wakatoa apdeti ya bayosi, ile programu ya ndani ya bodi inayoamsha kompyuta, inayozuia maombi ya volti kupita 1.55, na Septemba wakaongeza nyingine. Apdeti hizo zinakinga. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi. Hiyo unayouziwa ni ya kizazi kilichoingia sokoni Oktoba 2022, kwa hiyo huenda ilifanya kazi karibu miaka miwili bila kinga yoyote.

Muuzaji alikwambia ilikuwa ofisini, ikiandika barua tu. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Ile apdeti ya Septemba iliwekwa kwa sababu volti ilikuwa ikipanda hata mashine ikiwa imetulia au ina kazi ndogo. Kwa mota, kazi nyepesi ni nafuu. Kwa prosesa hii sivyo.

Tena haifi ghafla ukajua moja. Leo inagoma kufungua faili kubwa lililobanwa, kesho programu inajifunga, au unaletewa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa wakati kadi ni nzima. Utabadilisha RAM, utapiga Windows upya, utanunua pawa sapulai, na ugonjwa upo palepale. Wewe unahariri video za harusi. Maharusi wakisubiri kazi yao Jumatatu na mashine ikafia katikati ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, utawaambia nini?

Kuna waranti, ni kweli: Intel waliongeza miaka miwili, ikawa mitano kwa prosesa zilizouzwa na boksi lake. Lakini miaka inahesabiwa tangu aliponunua mtu wa kwanza, na wewe huna risiti wala boksi. Kama prosesa ilikuja ndani ya kompyuta iliyoundwa kiwandani, madai yanapelekwa kwa aliyeiunda. Nani atakuhangaikia hapo Dodoma?

Ningekuwa wewe ningetafuta prosesa ya i7-12700K, ya kizazi cha 12. Kizazi cha 12 hakimo katika tatizo hili, bodi zake ni za soketi (tundu la kupachika prosesa) ileile ya LGA1700, na kwa kazi yako inatosha kabisa. Ukipata i9 ya kizazi cha 14 mpya, boksi halijafunguliwa, risiti mkononi, na bayosi ikawekwa apdeti kabla hata hujaanza kuitumia, hiyo siikatai. Lakini bei yake unaijua.

Usimwachie muuzaji hata shilingi ya kukushikia mashine ile. Ukiona i7 hiyo mahali, nipigie ukiwa mbele yake, tuiwashe wote mimi nikisikiliza. Jumamosi niko karakana hadi saa kumi na moja jioni. Na kama hela ya bodi itapungua, sema mapema, nina mota mbili za kumalizia wiki hii.

Baba yako,
Kibaigwa