Kabla Hujanunua Daftari, Jua Mtoto Atabaki na Nani

Mtoto wa marehemu dada yangu, ninayemlea, alipata mimba akiwa kidato cha pili. Nililia mno. Nafuu yetu ni kwamba tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana waliokatizwa masomo na ujauzito warudi katika shule za serikali. Zamani tumbo likionekana, shule imekwisha. Mwenye bahati alisoma jioni na kufanya mtihani wa maarifa, QT, ule wa wanaosoma nje ya shule.

Binti alirudi shule mtoto wake akiwa na miezi saba. Nikadhani nimemaliza kazi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikamwona huyo anaingia, sweta kalikumbatia kifuani. "Mama mdogo, maziwa yametoka darasani." Blauzi nyeupe ilikuwa na maduara mawili ya maji. Wavulana walishaona. Akasema harudi tena, na mimi niliyezaa watatu sikuwa nimelikumbuka jambo hilo hata kidogo!

Tulichana kanga kuukuu, tukakunja vipande vinene vya kuweka ndani ya sidiria, vingine vikakaa kwenye begi. Alfajiri akawa ananyonyesha kwanza, kisha anakamua kikombe chenye mfuniko. Nikaenda kwa matroni, tukakubaliana awe anatoka kukamua bila kuomba ruhusa mbele ya wenzake. Baada ya wiki moja alirudi.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, panga zamu ya kulea mapema. Mimi nilikaa na mtoto hadi saa sita, kisha bibi yake akampokea nikafungue genge. Siku bibi anaumwa, genge halifunguliwi. Inauma mfukoni, lakini ndivyo.

Jioni mwache asome. Hapa nilikosea sana. Nilimrundikia vyombo, nepi na kupika, kana kwamba analipa deni, hadi akawa anasinzia kwenye hesabu. Nilipoona daftari lina mistari iliyoteremka pembeni kwa usingizi, nilimwomba radhi. Nepi nikafua mimi.

Na umpeleke kliniki akapate ushauri wa uzazi wa mpango. Usitume mtu, nenda naye, mkae benchi moja.

Sasa yuko kidato cha nne. Juzi jirani, ambaye binti yake anarudi shule Januari, alikuja kuniuliza aanzie wapi. Nilitoa kanga kabatini, nikamwonyesha jinsi ya kukunja.