Feni zinazunguka, skrini nyeusi: anzia waya wa prosesa

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Chake Chake. Umeeleza kwamba kompyuta uliyoiunga mwenyewe inazungusha feni lakini skrini inabaki nyeusi, na kwamba fundi amekushauri uvuke Unguja ukanunue ubao mama (ubao mkuu unaounganisha sehemu zote) mwingine. Nakusihi usitoe fedha bado, kwani feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, inapata umeme: prosesa hulishwa na waya wake wa volti 12, wenye pini 4 au 8, unaochomekwa karibu na ukingo wa juu wa ubao, nao si ule mpana wa pini 24. Waya huo wa prosesa ndio husahauliwa sana.

Ukiukuta umekaa sawa, zima, chomoa waya wa ukutani, kisha toa vijiti vyote vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na urudishe kimoja tu, katika nafasi inayotajwa na kitabu cha ubao, ukikikandamiza mpaka vibanio vifunge. Kama RAM ni ya kizazi cha DDR5, uwashaji wa kwanza unaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya picha kutokea, na wengi huzima mapema wakidhani imekufa. Waya wa skrini nao uchomekwe kwenye kadi ya picha, ikiwa unayo.

Ikikataa bado, toa ubao kwenye kasha, uuweke juu ya boksi lake la karatasi na uuwashe hapo. Ukiwaka, basi huenda ndani ya kasha kuna nguzo ya skrubu inayougusa mahali pasipofaa.