Sola ina ajira, ila si pale wengi wanapoitafuta (jibu kwa mdogo wetu wa VETA)

Mdogo wangu, umesema umemaliza umeme wa majumbani VETA, unataka kuingia kwenye sola, na mjomba wako anakukatisha tamaa: Bwawa la Nyerere limekamilika, TANESCO ina umeme wa kumwaga, nani atahangaika na paneli tena? Naona wakuu wengi wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja. Mimi kazi hii ndiyo maisha yangu, niko Kanda ya Ziwa, na nilianzia umeme wa majumbani kama wewe. Nitajibu kwa kirefu.

Kuhusu bwawa mjomba yuko sahihi. Mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, ni umeme mwingi sana. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, na kufika kwenye pampu ya mkulima wa nyanya aliye kilomita nne kutoka nguzo ya mwisho ni jambo lingine. Isitoshe, wateja wangu wengi siku hizi wana LUKU tayari. Mwenye bucha, mwenye saluni, mwenye maabara ya zahanati, wote wanataka betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO) ili umeme ukikatika kazi isisimame. Serikali yenyewe haijaiacha sola: mradi wa Kishapu, Shinyanga, umepangwa kufika megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50.

Ila nisikudanganye kuhusu miradi mikubwa. Inaajiri watu wengi wakati wa ujenzi, wa kuchimba misingi, kufunga fremu na kutandaza nyaya, kisha wanabaki wachache wa uendeshaji, usafi na ulinzi. Utasikia pia takwimu za dunia. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilihesabu ajira milioni 16.2 za nishati hiyo mwaka 2023, na zaidi ya milioni 7 kati ya hizo ni za sola. Ni kweli, lakini milioni 4.6 za hizo za sola ziko China, ambako ndiko viwanda vya paneli viliko. Sisi hatutengenezi paneli. Fungu letu liko kwenye kupima, kufunga na kutunza, na hapo ndipo ninapotaka uniangalie vizuri.

Bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90 ndani ya miaka kumi kuanzia 2010. Leo yeyote mwenye hela anashuka Kariakoo na kurudi na paneli mgongoni. Kwa hiyo kupanda juu ya bati na kukaza bolti peke yake hakukulipi. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mteja, kuuliza maswali, na kupiga hesabu kabla hela haijatoka mfukoni.

Chukua duka la kijijini. Taa tano za wati 9 zinawaka kwa muda wa saa tano: hiyo ni wati-saa 225 (wati mara saa; wati-saa 1,000 ndiyo uniti moja ya LUKU). Televisheni ya wati 60 kwa saa sita: 360. Friji dogo linalokula kama uniti moja kwa siku: 1,000. Weka 200 za kuchaji simu. Unapata karibu 1,800, yaani uniti 1.8, na kwa lugha hiyo ya uniti mteja anakuelewa mara moja. Jua letu la kuhesabia ni sawa na muda wa saa tano za jua kali kwa siku, na kuna upotevu kwenye joto, vumbi, nyaya na inveta, tuseme asilimia 30. Gawanya 1,800 kwa 5, kisha kwa 0.7: wati 514. Paneli moja ya wati 550 inatosha. Upande wa betri, kama anataka akiba ya siku nzima na anatumia za asidi, usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo anahitaji kama uniti 3.6: betri mbili za volti 12 ampea 150. Akimudu lithiamu, moja ya volti 25.6 ampea 100 inamfaa, na itadumu zaidi. Tena ukumbuke kwamba friji likiwaka linavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni mwake, kwa hiyo inveta usiipime kwa kubana.

Hesabu hiyo inatosha ukurasa mmoja wa daftari, na bado nyumba kwa nyumba nakuta betri zimekufa ndani ya mwaka kwa sababu hakuna aliyeipiga.

Jambo la pili ni umeme wa DC wenyewe, yaani ule wa paneli na betri unaokwenda upande mmoja tu. Wewe umesomea AC, umeme wa TANESCO, ambao mkondo wake unapita kwenye sifuri mara mia kwa sekunde, ndiyo maana cheche kwenye swichi inazimika yenyewe. DC haina sifuri hiyo. Ukifunga breka ya AC upande wa paneli, siku ya hitilafu cheche inaendelea kuwaka mpaka plastiki inayeyuka, na nyumba inaungua. Halafu kuna baridi. Paneli nyingi za 550 zina karibu volti 49.5 zisipokuwa na mzigo, kwenye joto la nyuzi 25. Tatu kwa mfululizo ni 148.5. Niliwahi kuitwa Njombe kuangalia kontrola (kifaa kinachosimamia paneli zinapochaji betri) iliyoungua. Kikomo chake kilikuwa volti 150, na aliyefunga aliona amebakiza nafasi. Lakini paneli ikipoa volti zinapanda. Asubuhi ya nyuzi 8 zinafika kama 155, na jua la kwanza likigonga, kontrola imekwenda. Yule mama mwenye mashine ya kutotolea vifaranga alipoteza mayai yote yaliyokuwa ndani. Sipendi hata kulikumbuka tukio lile, na ndiyo maana nasisitiza usome karatasi ya vipimo ya paneli mpaka mwisho.

Kama ungekuwa ndugu yangu wa damu ningekuelekeza kwenye pampu za maji. Mkulima anayenunua dizeli kila wiki anaelewa faida bila kuhubiriwa, na maji yakiwa kwenye tangi juu hakuna haja ya betri. Gridi ndogo za visiwani nazo zinahitaji mafundi wanaoishi hukohuko. Kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kijiji cha Bwisya, ya kampuni ya JUMEME ilianza 2016. Wavuvi wa dagaa nao wanaziacha karabai za mafuta ya taa, wanatumia taa za LED za kuchaji, na kila taa inahitaji mtu wa kuitengeneza.

Uliuliza pia kama msichana ataaminiwa juu ya bati. Kinyasini, Unguja, kuna chuo cha Barefoot kinachofundisha akina mama wa vijijini ufundi wa sola, na wengine hawakusoma sana. Wanarudi vijijini kwao na kuwasha nyumba za majirani. Mteja atakuamini ukimwonyesha hesabu.

Kwa masomo, ulizia kozi za nishati jadidifu za Chuo cha Ufundi Arusha, wana kituo Kikuletwa, wilaya ya Hai. Fuatilia mapema leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kwa sababu bila hiyo shule na zahanati hazikupi kazi. Na hela ya kwanza utakayoshika usinunue drili. Nunua mita ya kubana (clamp meter, unaibana kwenye waya bila kuukata) inayosoma ampea za DC. Nyingi za bei ndogo zinasoma AC tu, kwa hiyo ijaribu kwenye betri ya pikipiki hapohapo dukani kabla hujalipa.