Maswali na Majibu: "Macpherson's Rant" na Mtu Aliyenyongwa Banff

Wiki hii wasomaji watano wameuliza juu ya "Macpherson's Rant", wimbo wa fidla wa Uskoti ambao inasimuliwa kuwa James Macpherson aliupiga chini ya mti wa kunyongea mwaka 1700. Naanza na swali ambalo mengine yote yanalitegemea.

Ndugu mwandishi, naomba kujua Macpherson alinyongwa kwa kosa gani hasa. Wapo wanaoniambia alikuwa jambazi, na wapo wanaosema alikuwa muuaji. (Msomaji, Tanga)

Hukumu iliyoandikwa katika mahakama ya Banff, mji wa pwani kaskazini-mashariki mwa Uskoti, haitaji mauaji. Inasema kwamba Macpherson na mwenzake James Gordon wameonekana kuwa watu wanaojulikana, wanaohesabiwa na kusifika kuwa "Wamisri" na wazururaji, na kwamba wamewaonea raia kwa mabavu. "Wamisri" hao walikuwa Waromani, watu ambao lugha yao ina asili ya kaskazini mwa India, lakini Wazungu wa zama hizo walidhani wametoka Misri, na jina likawaganda. Mwaka 1540 mfalme James V alikuwa bado akimtambua kiongozi wao, John Faw, kama mwinyi wa "Misri Ndogo". Miaka 69 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka kabisa: sheria ya mwaka 1609 iliwataka waondoke nchini, na ikaruhusu atakayebaki auawe, ushahidi pekee uliohitajika ukiwa kwamba watu wanamjua na kumhesabu kuwa Mmisri.

Ukiyaweka maneno ya sheria hiyo kando ya maneno ya hukumu, utaona ni yale yale. Ni kweli kwamba mashahidi walifika mbele ya hakimu Nicholas Dunbar wakaeleza habari za wizi na vurugu, wala sidhani kwamba wote walikuwa waongo. Lakini kisheria haikuwa lazima wizi wowote uthibitishwe, kwa kuwa sifa ya mtu ilitosha kumtia kitanzi. Macpherson, kama inavyosimuliwa, alikuwa mwana wa nje ya ndoa wa mwinyi mmoja wa nyanda za juu, na mama yake alikuwa Mromani, kwa hiyo sifa hiyo alizaliwa nayo. Washitakiwa wengine wawili, Peter na Donald Brown, walitetewa na mwinyi wa ukoo wa Grant, aliyetaka wakahukumiwe katika baraza lake mwenyewe, na ombi lake likakataliwa.

Je, hiyo fidla ni hii hii tunayoisikia kwenye taarabu? (Msomaji, Unguja)

Ndiyo, ni chombo kile kile cha nyuzi nne. Tofauti iko katika mkono unaoshika upinde na katika shughuli yenyewe, maana fidla ya Uskoti ni ya kuchezesha watu dansi, na "rant" ni jina la aina mojawapo ya nyimbo hizo za kuchezwa.

Nimesoma kwamba msamaha wake ulikuwa njiani, na wakubwa wa mji wakasogeza saa mbele ili anyongwe kabla haujafika. Kuna ukweli? (Msomaji, Nakuru)

Kisa hiki kinapendwa mno, hata saa yenyewe inasemekana ndiyo iliyopelekwa baadaye kwenye mnara wa mji wa Dufftown. Beti zinazoimbwa siku hizi zinasema msamaha ulikuwa ukivuka daraja la Banff wakati saa iliposogezwa mbele kwa robo. Tatizo la kwanza ni hilo daraja. Mto Deveron ulipata daraja lake la kwanza pale Banff katika miaka ya 1760, likachukuliwa na mafuriko mwaka 1768, na lililopo sasa, kazi ya mhandisi John Smeaton, lilikamilika mwaka 1779. Mwaka 1700 mjumbe hangekuwa na daraja la kuvuka.

Tatizo la pili naliona kuwa kubwa zaidi. Hukumu iliagiza anyongwe tarehe 16 Novemba, siku ya soko, katika uwanja wa msalaba wa mji, kati ya saa nane na saa tisa mchana. Aliyepewa saa nzima ya kufanya kazi yake hana haja ya kuiba robo saa.

Wimbo huo aliutunga yeye, au ni Robert Burns? (Msomaji, Bujumbura)

Burns, mshairi mashuhuri wa Uskoti, hawezi kuwa mtunzi wa muziki wake, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1759, ilhali hati ya muziki ya Margaret Sinkler ya mwaka 1710 inao wimbo uitwao wasia wa "McFarsance", yaani Macpherson. Alichofanya Burns ni kuandika beti mpya, zilizochapwa mwaka 1788. Kabla yake, miaka michache tu baada ya kunyongwa kwa Macpherson, palikuwa pameuzwa karatasi moja ya mashairi iliyomwita muuaji, na humo yeye mwenyewe anajutia maisha ya anasa na uporaji. Mtu wa Burns hajutii chochote: anacheza chini ya mti na kusema anakufa kwa usaliti. Nakiri kwamba beti za Burns ni bora zaidi, ingawa ni hizo hizo zilizotusahaulisha hukumu yenyewe.

Ni kweli aliivunja fidla yake? (Msomaji, Mombasa)

Masimulizi yanasema alipomaliza kupiga aliinyoosha fidla mbele ya umati, akauliza nani ataichukua, na hakuna aliyethubutu, kwa kuwa kuipokea kungekuwa kukiri ujamaa naye. Hapo akaivunja gotini. Wengine husema ni kichwani mwa mnyongaji. Vipande vinavyosemekana kuwa vyake vimehifadhiwa katika makumbusho ya ukoo wa Macpherson mjini Newtonmore. Mimi hukwama kwenye jambo dogo: katika beti zile zile za Burns, baada ya kwisha kupiga na kucheza, mfungwa huyo anaomba afunguliwe kamba za mikono.