Mabawa ya popo yaliyolala tanurini: jibu kwa msomaji wa Wete

SWALI: Asalaam aleikum Maalim. Mimi kijana wa Wete, nafinyanga tangu nilipokuwa skuli. Nimekuwa nikitazama picha za wasanii wa nje wanaotengeneza sanamu za watu na wanyama kwa kauri nyeupe, nyembamba hata mwanga unapenya. Jamaa yangu aliyeko Ulaya akaniletea mfuko wa udongo wake. Nimemfinyanga popo wetu wa Kidike, kule Pemba kwenye msitu wa popo wakubwa, amesimama juu ya kigogo, mabawa wazi, upana sentimita 24. Mchomo wa kwanza hutoka salama. Mchomo wa pili, digrii 1,280, mabawa hulala na shingo hupasuka, juu ya kuwa nimeyategemeza kwa vipande vya tofali la tanuri. Nimerudia, mambo ni yale yale. Je, udongo ni mbovu? Hawa wenzetu hufanyaje? Na naweza kuchimba udongo huku kwetu Pemba nikaacha kuagiza? Vile vilivyoharibika vina matumizi?

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Udongo wako hauna kosa. Yaliyokuponza ni yale matofali, na nyuma ya matofali ni namna ulivyomsimamisha huyo popo.

Kauri nyeupe ya kawaida huchanganywa kwa kaolini (udongo mweupe safi) karibu nusu, feldispa (unga wa jiwe) robo na kwatsi (unga wa jiwe gumu jeupe) robo. Kaolini ndiyo inayokupa kitu cha kufinyanga. Feldispa huyeyuka motoni ikawa kioo, ikajaza nafasi zote baina ya chembe, na kwa sababu hiyo ndiyo mwanga ukapenya. Sasa fikiri: kitu ambacho ndani yake kuna kioo kilichoyeyuka hakiwezi kuwa kigumu wakati ule. Kwenye kilele cha moto sanamu yako ni kama halua ambayo haijateremshwa jikoni. Ina umbo, lakini ukiiacha bila kitu chini yake itashuka. Mama zetu wanaofinyanga mitungi na vyetezo hawajapata taabu hii, kwa kuwa moto wa makuti na kuni uwanjani aghalabu ni wa digrii 700 hadi 900, na udongo wao haufiki hatua ya kulainika. Kwa hiyo uzoefu uliorithi kwao ni mzuri sana mpaka mchomo wa kwanza, kisha unakuacha njiani.

Jambo la pili ni kusinyaa. Kauri nyeupe, tangu ikiwa mbichi hadi kutoka mchomo wa mwisho, hupungua kama asilimia 12 hadi 17 kutegemea mchanganyiko. Sehemu hutoka inapokauka, na sehemu kubwa, tuseme asilimia 9 au 10, hutoka kwenye mchomo wa juu peke yake. Chukua bawa lililoshikamana na mwili kwenye kimo cha sentimita 12. Unaliwekea kipande cha tofali cha sentimita 12 chini yake, linakaa sawasawa, unafunga mlango. Moto unapanda, mwili unasinyaa, na bega la popo linateremka hadi haifiki sentimita 11. Tofali halisinyai hata nywele. Matokeo yake bawa linasukumwa juu kwenye shina lake huku ncha iliyobaki nje ya tofali ikining'inia na kulala. Nguvu yote hiyo inakwenda kumalizikia wapi? Palipo pembamba, nako ni shingoni.

Kuna njia ya kuhakikisha kuwa ufa ni wa aina hiyo. Utazame vizuri. Ukiwa umefunguka, una upana, kingo zake zimelainika, ulitokea moto ukipanda, sanamu inasinyaa. Ukiwa mwembamba kama unywele na kingo ni kali, ulitokea tanuri likipoa, mara nyingi karibu na digrii 573 ambapo kwatsi hubadilika umbo kwa ghafla. Huo wa pili dawa yake ni kupoza polepole na kutofungua mlango kwa pupa. Kwa ulivyoeleza, nina yakini wako ni wa kwanza.

Kwa hiyo viegemeo vyako vifinyange kwa udongo ule ule wa sanamu, siku ile ile, vikaukie pamoja nayo na viingie mchomo wa kwanza pamoja nayo. Vitasinyaa kwa mwendo mmoja. Baina ya kiegemeo na bawa paka unga wa alumina (unga mweupe usioyeyuka tanurini) uliokorogwa kwa maji, visije vikagandana. Ukiukosa, unga wa kaolini tupu unasaidia. Chini ya kigogo nako weka kibao cha udongo ule ule, unene wa nusu sentimita, kilichopakwa unga huo huo, ili miguu isiburuzwe juu ya rafu ya tanuri. Kibao na viegemeo hutumika mara moja tu, kisha basi. Watu huona hasara kutupa udongo wa kuagiza namna hiyo. Hasara ni popo.

Ama wenzetu hufanyaje: zitazame tena zile picha, lakini safari hii usitazame uso wa sanamu, tazama imesimama juu ya nini. Mafundi wa Dehua, jimbo la Fujian huko Uchina, mwishoni mwa enzi ya wafalme wa Ming walikuwa na bingwa aitwaye He Chaozong, aliyefinyanga sanamu za Guanyin, mhusika wa huruma katika dini ya Kibudha, kwa kauri nyeupe tupu. Kanzu za sanamu hizo humwagika mpaka chini. Mtu husifu mikunjo ya nguo, na kweli inastahili sifa, lakini mikunjo hiyo ndiyo nguzo. Ujerumani, kiwanda cha Meissen kilianzishwa mwaka 1710, na Johann Joachim Kändler akaanza kazi hapo mwaka 1731. Vile visanamu vya mabwana na mabibi vya kiwandani hapo utaona nyuma ya miguu kuna gogo la mti, jiwe au kichaka cha maua. Si bustani ile, ni mhimili. Na Kändler huyo huyo alipoagizwa wanyama wakubwa kwa ajili ya jumba la mfalme kule Dresden, wengi walitoka tanurini wamepasuka, na baadhi wakapakwa rangi za baridi, zisizochomwa, kwa sababu hawakuweza kurudishwa motoni. Basi usijione mnyonge.

Wasanii wa leo wamejigawa. Wako wanaokwepa: Ah Xian, mzaliwa wa Beijing aliyehamia Australia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ametengeneza mfululizo wa vichwa na mabega ya watu, akichukua umbo la mtu hai kwa kalibu ya plasta na kushirikiana na mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri huko Uchina, kwenye mapambo. Kichwa na mabega, hakuna mkono ulionyooshwa. Umbo lenyewe linajishikilia. Wako wanaofanya uvumilivu: Kate MacDowell wa Marekani hufinyanga wanyama na viungo vya binadamu kwa mkono, mara nyingi akianza na bonge zima kisha akalikwangua ndani mpaka liwe ganda. Na yuko Rachel Kneebone wa Uingereza, ambaye mimi binafsi ndiye ninayemhusudu, kwa sababu hagombani na tanuri. Kazi yake kubwa iitwayo 399 Days inazidi mita 5 kwa urefu, imeunganishwa kwa vipande vingi, imejaa miguu na viungo vilivyosokotana, na nyufa za moto ameziacha zionekane. Lakini usijifiche nyuma yake. Ufa wa Kneebone umekaribishwa, wako umevamia.

Sasa turudi kwa popo. Nani amekwambia asimame na mabawa wazi? Popo wa Kidike mchana kutwa ananing'inia kichwa chini, amejifunika mabawa yake kama buibui la mwanamke wa Kizanzibari. Hilo ni umbo la kauri lililokamilika: limefungamana, halina kitu kinachoelea hewani. Na tanuri halijui ukutani utamtundika vipi. Mchome akiwa kinyume cha atakavyotazamwa, miguu chini na kichwa juu, ameketi kwenye kibao chake, na akishapoa umgeuze umtundike. Wasanii wengi hufanya hivyo, ila picha ya maonyesho haikuonyeshi sanamu ilivyokaa tanurini.

Ukishikilia mabawa wazi, yafinyange mbali na mwili. Yachome yamesimama wima kwa ukingo, yamezikwa nusu ndani ya unga wa alumina kwenye boksi la udongo wa tanuri, ili uzito wake uteremke kupitia bawa lenyewe badala ya kulikunja. Kisha uyaunge kwa gundi ya epoksi baada ya mchomo. Kuna watakaokwambia huo ni udanganyifu. Waache.

Moto nao tuutazame. Digrii 1,280 umeipata wapi? Soma mfuko. Kauri nyingine zimechanganywa ziive digrii 1,220 hadi 1,240, na ukizipandisha hadi 1,280 unazipika kupita kiasi, lazima zilale. Mwombe mwenye tanuri akuwekee koni (kijiti cha udongo kinachopinda moto ukishafanya kazi yake) pembeni ya sanamu, usitegemee namba ya kwenye kisanduku cha tanuri peke yake, maana koni hukuonyesha kazi ambayo moto umeifanya na siyo kiwango cha joto tu. Usilikalishe tanuri kileleni kwa saa nzima. Dakika 10 zinatosha kwa kitu chembamba. Umeme ukikatika kabla ya kilele, na sisi tunaotegemea waya wa chini ya bahari tunajua haya, acha lipoe lenyewe uanze upya siku nyingine kwa tahadhari. Sanamu haidhuriki kwa kuchelewa.

Pia mchomo wa juu fanya bila glezi (ule mpako unaogeuka kioo juu ya chombo). Glezi hugandisha sanamu kwenye viegemeo na huficha ufundi wa vidole. Isuguwe kwa msasa wa maji baada ya mchomo, itatoka laini kama kokoto ya ufukweni. Sugua ndani ya maji, narudia, ndani ya maji. Vumbi la kwatsi huingia mapafuni na halitoki. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba. Usifagie chumba cha kazi kikavu, kipige deki.

Kuhusu kufinyanga kwenyewe sina mengi, mikono unayo. Unene uwe mmoja, milimita 3 hadi 5, na mwili uwe mtupu ndani wenye tundu la kutolea hewa. Kauri haisahau: bawa ulilolipinda kisha ukalinyoosha litakumbuka ule mpindo motoni, kwa hiyo likate likiwa sahihi tangu mwanzo. Karatasi ya chooni iliyoloweshwa na kupondwa, ikichanganywa na uji wa udongo kiasi cha sehemu moja kwa tano, hutia nyuzi zinazoshikilia vipande vyembamba vikiwa vibichi na hukuruhusu kuunganisha kibichi na kikavu. Karatasi huungua yote, hakikisha moshi una pa kutokea. Ukaushaji uwe wa taratibu, chini ya ndoo iliyofunikwa, hasa kaskazi ikivuma, kwani upepo wa upande mmoja humpinda popo kabla hajaona moto.

Udongo wa Pemba: kwa kauri nyeupe, hapana. Udongo wetu wa vyungu una chuma, ndiyo maana unatoka mwekundu, na ukiupeleka digrii 1,280 utavimba au utayeyuka juu ya rafu ya mwenzio. Halafu visiwa hivi vina mawe ya matumbawe kila upande. Punje ya chokaa ndani ya udongo hugeuka motoni kama inavyogeuka kwenye tanuu la chokaa la kujengea, kisha baada ya siku au wiki inavuta unyevu, inavimba na kurusha kigae. Mchanga mweupe wa pwani nao usikudanganye ukadhani ni kwatsi. Utilie ndimu, ukitoa povu ni chokaa ya matumbawe na makombe. Kaolini iko bara, vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam vinajulikana kwa hilo, lakini kaolini peke yake siyo kauri, lazima upate feldispa na kwatsi safi uchanganye, upepete, upime, uchome majaribio. Ni kazi ya mwaka, si ya mfuko mmoja. Na usiunganishe udongo wa nyumbani na huo mweupe kwenye sanamu moja, husinyaa tofauti na wataachana.

Udongo mwekundu una heshima yake lakini. Reinata Sadimba, Mmakonde wa nyanda za Mueda, Msumbiji, aliyeishi Tanzania miaka kadhaa kabla ya kurejea kwao na kukaa Maputo, amejulikana duniani kwa sanamu za udongo wa kawaida. Popo mwekundu wa digrii 950 hatalala bawa hata kidogo. Najua pia huko kwenu watakuwepo watakaokuuliza habari za kufinyanga viumbe vyenye roho. Hilo uwaulize masheikh zako, langu mimi ni moto tu.

Vilivyoharibika havirudi. Kauri iliyokwisha kuiva hailainiki ikanyooka, na ukiichoma tena mabawa yatazidi kushuka. Kimoja kipasue kwa makusudi utazame ndani: ukikuta vitundu vidogo vya hewa, moto ulizidi, shusha digrii 20 uone. Vilivyobaki viponde viwe chembe ndogo ukiwa umevaa barakoa na umevilowesha, uchanganye kidogo kwenye udongo wa vile vibao vya chini. Ila usije ukavifanya viegemeo vya sanamu mpya, maana vimekwisha kusinyaa, na sasa ni sawa na tofali.