Msiwacheke wanaochemsha vipapatio kwanza

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza ni njia ipi bora ya kupika vipapatio vya kuku nyumbani kati ya kukaanga, kuchoma na kuoka, na chini yake mkaongeza kwa herufi ndogo: "Au bado mnachemsha kwanza?" Swali kuu ningeweza kulipita bila kusema neno, maana kila jiko lina mwenyewe, lakini hilo "bado" limenikaa kooni tangu Jumatatu. Limeandikwa kana kwamba kuchemsha kuku ni maradhi ambayo watu wa mjini wamekwisha kupona. Kwa hiyo nitajibu, ingawa naona mapema kwamba jibu langu halitaingia vizuri katika mojawapo ya njia zenu tatu.

Sisi tuliokulia kandokando ya Ziwa Victoria hatukukijua kipapatio kama kitu kinachouzwa peke yake kwa kilo. Kilikuwa sehemu ya kuku mmoja ambaye asubuhi alikuwa akiparura uani, na nyumbani kwetu kuku huyo aligawanywa kwa watu tisa: firigisi ya baba, paja la mgeni, na kipapatio cha mtoto aliyetumwa kumkimbiza. Kuku huyo wa kienyeji alikuwa ameishi miezi mingi, analala juu ya mwembe na kushindana mbio na mbwa, na bawa lake lilikuwa nyuzi tupu zilizofunikwa na ngozi nyembamba isiyo na mafuta. Ukimkaanga huyo bila kumchemsha, watoto watamtafuna mpaka wachoke wamrudishe sahanini. Saa nzima na zaidi katika maji yenye chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu ndiyo iliyomfanya alike, na supu iliyobaki ikateremshia ugali wa jioni. Aliyechemsha hakupungukiwa na maarifa. Alimjua kuku wake.

Vipapatio mnavyouliza ninyi ni vya kuku mwingine kabisa, yule wa kisasa anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita, mwenye ngozi nene yenye mafuta, na ambaye kilo moja ya mabawa yake hutoa vipande kumi hadi kumi na viwili. Huyo hana ugumu wa kulainishwa. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu ndipo utetezi wangu unapoanza kuyumba, lakini kwanza niseme nasimama wapi.

Mimi ni mtu wa mkaa. Najua kwamba kusema hivyo wakati huu, taifa likiwa na mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, ni kama kukiri dhambi mbele ya kadamnasi, na kwa kweli kazi za kila siku jikoni kwangu hufanywa na mtungi wa gesi. Lakini kwa vipapatio nimekuwa upande wa mkaa tangu 2017, kwa sababu ya siku moja ambayo naomba niieleze.

Ilikuwa siku ya kipaimara cha kitindamimba wetu. Tulitarajia wageni kama thelathini hapa Nyasaka, Mwanza. Majirani walichukua pilau, sato wa kukaanga na kachumbari, nami nikajitwika vipapatio, kilo sita, kwa kuwa miezi mitatu kabla tulikuwa tumenunua jiko lenye oveni ya umeme na nilitaka lionekane. (Siwezi kulipamba hilo; nilitaka lionekane.) Usiku wake niliviosha nikavigawa katika mabeseni matatu. Mawili niliyazamisha katika maji ya ndimu, tangawizi na kitunguu swaumu, nikayafunika. La tatu nililipaka chumvi na pilipili manga tu, nikaliweka kwenye rafu ya chini ya friji likiwa wazi, si kwa ujuzi wowote bali kwa sababu ndimu zilikuwa zimekwisha na vifuniko pia.

Mama mkwe wangu alikuwa amefika siku moja kabla kwa meli ya Nansio. Asubuhi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni akaitazama oveni kwa muda mrefu bila kuuliza chochote. Saa tano nikaingiza sinia la vile vya chumvi. Zilipopita dakika ishirini na tano, labda thelathini, umeme ukakatika, na taa ndogo ya oveni ikazimika taratibu mbele ya macho yetu wote wawili. Nikavuta sinia: vipapatio vilikuwa vimepauka, vimekauka juu kama karatasi, havina rangi ya chakula cha sherehe. Mume wangu akashauri tusubiri. Mama akasimama, akakunja mikono ya gauni, akasema, "Mwanangu, misa inakwisha saa ngapi?" Ilikuwa inakwisha saa saba kasoro.

Tulikuwa na majiko mawili ya mkaa. Kwenye la kwanza mama akabandika sufuria, akamimina beseni moja la vile vya ndimu, akaongeza maji na chumvi, akafunika. Kwenye la pili nikaweka wavu na kupanga vya beseni jingine, moja kwa moja, mkaa ukiwa bado unawaka kwa ndimi. Hapo nilijifunza kwa haraka. Kwanza maji ya ndimu yalidondoka na kurusha majivu juu ya nyama. Kisha mafuta ya ngozi yakaanza kudondoka, na kila tone likazaa moto wake. Ndani ya dakika kumi ncha zote zilikuwa nyeusi, na nilipokitenganisha kimoja kwenye kiungo nikakuta karibu na mfupa bado kuna wekundu. Nikavisogeza pembeni na kuvifunika kwa sufuria tupu ili viive, na vikaiva, lakini vilikuwa na ladha ya moshi wa mafuta ambayo hata pilipili haikuifunika.

Vya mama vilichemka kama dakika ishirini. Akavichuja, nami, kwa pupa ya muda, nikavitumbukiza katika karai la mafuta ya alizeti vikiwa vinachuruzika maji. Karai lililipuka. Alama ninayo hadi leo chini ya kiwiko cha kushoto. Ngozi zilichanika, nyingine zikaganda kwenye karai, na vilivyotoka vilikuwa na mabaka, hapa kahawia, pale vyeupe.

Wageni walikuwa wanaingia getini nilipolikumbuka lile sinia la oveni. Mkaa wa jiko la pili ulikuwa umekwisha kutulia na kuvikwa majivu meupe. Nikavipanga juu yake na kuvigeuzageuza kwa koleo, dakika kumi tu, na mbele ya macho yangu vikachukua rangi ya asali. Ngozi ilivunjika kwa mlio. Sinia hilo lilikwisha kabla mapadri hawajaonyeshwa viti vyao. Jirani yangu mmoja, ambaye hukaanga samaki wa kuuza pale Mwaloni, Kirumba, alikula kimoja, akakigeuza mfupa, akaniuliza, "Dada, huyu kuku ulimwanika wapi?" Nikacheka, nikamsimulia habari ya umeme, nikamwambia kuwa siri ni mkaa. Tangu siku hiyo nimewaambia watu wengi kwamba siri ni mkaa.

Niongeze kwa haki kwamba sahani ya vile vilivyochemshwa haikurudi na kitu. Wazee waliokaa kwenye mkeka waliivuta upande wao na kuibakiza huko, kwa sababu nyama ilikuwa inateleza yenyewe kutoka mfupani. Na asubuhi yake, supu iliyobaki katika sufuria ilikuwa imeganda ikitikisika, maana bawa lina ngozi na viungo vingi na hutoa utomvu mwingi kuliko kidari. Mama alichota kijiko kimoja, akanionyesha, akaendelea na shughuli zake.

Sasa, wakati naandika, swali la yule jirani ndilo linalonirudia kuliko yote. Hakuuliza nilimchoma kwa moto gani. Aliuliza nilimwanika wapi. Hapa ziwani hakuna asiyejua kwamba sato mwenye maji hushika karai na kuchanika; huchanjwa, hutiwa chumvi, huachwa upepo umpige, ndipo aingie kwenye mafuta. Kayabo yetu yote, yule samaki wa chumvi aliyekaushwa, ni elimu ya chumvi na upepo. Tunamfanyia samaki adabu hiyo, halafu kuku tunamtoa kwenye beseni la ndimu akiwa amelowa na kumtupa motoni, kisha tunabishana kama kosa ni la mkaa au la oveni.

Sababu yenyewe si ngumu. Ngozi iliyolowa haiwezi kupanda joto kupita kiwango cha kuchemka kwa maji mpaka maji yaishe, na hapa Mwanza, tukiwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka mnamo nyuzi 96 tu. Rangi ya kahawia na ile harufu inayowaita watoto kutoka nje huhitaji nyuzi kama 140 na kuendelea. Kwa hiyo muda mwingi wa kwanza wa kukaanga, kuchoma au kuoka kipapatio kibichi huliwa na kazi moja ya kukausha. Nyama ya kuku huhesabiwa salama ikifika nyuzi 74 ndani, lakini bawa, tofauti na kidari, huwa tamu zaidi likifikishwa 85 au hata 90, kwa kuwa ndipo ile mishipa migumu inapoyeyuka. Sinia langu la 2017 lilikuwa limekaa wazi kwenye friji usiku kucha na chumvi, kisha likakaushwa nusu saa na oveni. Mkaa ulikuja kumalizia tu, nami nikaupa sifa zote.

Kwa kuwa nilianza kujishuku, Ijumaa nilinunua kilo mbili nikajaribu. Ncha nilizikata nikaziweka kwa ajili ya supu, na vilivyobaki nikavifuta kwa kitambaa, nikavipaka chumvi, nikaviacha wazi usiku kucha. Vya oveni, nyuzi 220 juu ya wavu kwa dakika arobaini na tano, nikivigeuza mara moja, vilikuwa sawa pande zote na havikuungua mahali popote. Baadhi yake nilivinyunyizia bekingi pauda, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, navyo vilipata rangi mapema zaidi. Msizidishe kwa sababu huacha uchungu, na msiweke magadi badala yake. Ndimu isikaribie kabla ya kupika, maana uchachu hupunguza kasi ya ngozi kubadilika rangi na huiua hiyo bekingi pauda. Ikamuliwe mezani. Hata huko Buffalo, Marekani, ambako inasimuliwa kuwa mapishi yao mashuhuri ya mabawa yalianza katika baa moja mwaka 1964, mabawa hukaangwa makavu bila unga, na mchuzi wa pilipili na siagi hufuata baadaye.

Vya karai nilivikaanga mara mbili, kwanza kwa moto wa wastani mpaka vikaiva, vikapumzika, kisha kwa moto mkali dakika mbili tatu. Vilikuwa vizuri sana, labda vizuri kuliko vyote kwa dakika tano za kwanza, lakini sijui familia ya kawaida inafanya nini na lita mbili za mafuta baada ya hapo. Kile kikaango cha umeme kinachozungusha hewa ya moto, ambacho binti yangu anakisifu, kilivitoa vikavu kwa dakika ishirini na tano, vinane kwa mkupuo. Kinafaa kwa watu wawili wanaopendana. Vya mkaa vilikuwa na moshi ninaoupenda, na viwili kati yake viliungua nilipokwenda kufungua geti.

Basi mkinilazimisha, mimi mtu wa mkaa, naandika: oveni. Naandika nikiwa na masharti. Asiye na oveni asijione amepungukiwa. Apange mkaa upande mmoja wa jiko, aviweke vipapatio upande wa pili chini ya mfuniko mpaka viive, ndipo avisogeze kwenye joto. Mwenye kuku wa kienyeji achemshe, tena kwa muda mrefu, na asimsikilize mtu. Na hata kwa kuku wa kisasa, ambaye kuchemshwa hakumpi chochote ila kupeleka ladha yake kwenye supu, siwezi kusema kuwa mama alikosea siku ile. Kilichokosekana ni saa moja ya kuvitandaza kwenye sinia vipoe na kukauka kabla ya karai, na aliyekuwa na haraka ni mimi. Nikiwa na wageni wenye meno machache nitachemsha tena, kisha nitaisubiri hiyo saa.

Mama mkwe sasa anaishi nasi. Jumamosi alikula vinne vya oveni, akafuta vidole, akaniuliza kama nilivichemsha kwanza. Nilimjibu kwamba nilivichemsha. Kwa hiyo mkiichapisha barua hii, naomba jina langu lisiwekwe.

Msomaji wenu,
Nyasaka, Mwanza